Kununua au Kupanga: Historia Fupi ya Programu za Ofisi, kwa Macho ya Mwalimu wa Kiswahili wa Bujumbura

Mwishoni mwa muhula mmoja mwenzetu alifungua kompyuta yake nyumbani ili amalizie maswali ya mtihani wa fonolojia. Maandishi yalifunguka vizuri na yakasomeka vizuri, lakini kila alipojaribu kuongeza neno hakuna kilichotokea. Juu ya ukurasa palikuwa na ukanda wa rangi uliomwarifu, kwa Kifaransa, kwamba muda wake umekwisha na kwamba anatakiwa kulipa upya. Kompyuta ile alikuwa ameinunua mwaka mmoja kabla, na muuzaji alimhakikishia kwamba "Word imo". Ilikuwamo kweli, ila kwa mwaka mmoja tu. Mtihani ukaishia kuandikwa upya katika sekretaria moja karibu na chuo, usiku, kwa bei ya kila ukurasa.

Tangu siku hiyo swali moja limekuwa likirudi katika chumba cha walimu: mtu anayefanya kazi zake nyumbani anunue programu za ofisi mara moja, au alipie kila mwaka? Katika makala haya tunakusudia kulitazama swali hili kwa upande wa historia yake, kwa sababu tumeona kwamba wengi wetu tunalijadili kana kwamba lilizaliwa juzi. Aidha, swali lenyewe limejengwa juu ya kitenzi kimoja, kununua, ambacho sisi walimu wa lugha tuna wajibu wa kukitilia shaka.

Kwanza tuondoe dhana moja. Husemwa kwamba zamani watu walinunua na siku hizi wanapangishwa. Historia inaonyesha kwamba kupanga ndiko kulikotangulia. Katika miaka ya 1950 kampuni ya IBM ya Marekani haikuwa na desturi ya kuuza mashine zake. Iliwakodisha wateja na kupokea malipo ya kila mwezi. Ilikuwa ni amri ya mahakama ya mwaka 1956, iliyotokana na mashtaka ya serikali ya Marekani, iliyoilazimisha pia kuziuza kwa aliyetaka. Programu wakati huo hazikuwa na bei yake zenyewe. Zilikuja pamoja na mashine, kama kifuniko kinavyokuja na sufuria. Mwezi Juni 1969 IBM ilitangaza kwamba itatenganisha bei ya programu na bei ya mashine, na hapo ndipo soko la programu kama bidhaa ya kusimama peke yake lilipopata nafasi ya kukua.

Miaka saba baadaye, Februari 1976, kijana aliyeitwa Bill Gates aliandika barua ya wazi kwa wapenzi wa kompyuta ndogo akilalamika kwamba wengi wao wanatumia programu yake ya BASIC bila kuilipia. Barua ile ni muhimu kwa mada yetu, maana ndani yake mna wazo ambalo baadaye lilitawala dunia: kwamba anayelipa halipii kitu anachoweza kukishika, analipia ruhusa. Zilipokuja programu za kuandikia kama WordStar mwaka 1978, na baadaye Microsoft Office, iliyoanza mwaka 1989 kwa kompyuta za Macintosh na mwaka 1990 kwa Windows, mteja alitoka dukani na boksi lenye diski na kitabu cha maelezo. Alijiona amenunua. Lakini karatasi ya masharti ndani ya boksi ilisema wazi kwamba programu haikuuzwa, bali mteja amepewa leseni ya kuitumia. Nani kati yetu aliwahi kuisoma karatasi ile?

Hapa Bujumbura, kusema kweli, boksi lenyewe wengi wetu hatukuliona. Kilichotufikia ni diski ya rafiki, na namba ndefu ya siri iliyoandikwa kwa kalamu juu ya bahasha. Tusijifanye watakatifu: kwa miaka mingi katika miji yetu ya Afrika Mashariki njia kuu haikuwa kununua wala kupanga, ilikuwa ni kunakili. Njia hiyo iliwafunza watu wengi kuandika kwa kompyuta. Vilevile ilituachia virusi ambavyo viliruka kutoka flashi moja hadi nyingine kuliko hata mafua ya watoto, na ilitufanya tusijiulize kamwe gharama halisi ya chombo tunachokitegemea. Swali la gharama lilipotufikia, lilitukuta bila mazoea ya kulijibu.

Hata aliyelipia boksi lake kwa fedha halali hakuwa salama kama alivyodhani. Wenzetu wa umri wetu watakumbuka mwaka 2007. Office mpya ya mwaka huo ilibadilisha aina ya faili: badala ya .doc ikaja .docx. Wanafunzi wakaanza kuleta rasimu za tasnifu kwenye flashi, na mashine za sekretaria zenye Office 2003 hazikuweza kuzifungua mpaka kiwekwe kiunganishi maalumu, ambacho kilipaswa kupakuliwa kwa intaneti ya wakati ule. Septemba ya mwaka huohuo Microsoft ilitoa sasisho la Office 2003 ambalo, kwa sababu za usalama, lilizuia kufunguliwa kwa baadhi ya mafaili ya matoleo ya zamani sana. Palikuwa na njia ya kuondoa kizuizi hicho, lakini ilihitaji fundi. Kwa hiyo mtu alilala akiwa na programu inayosoma faili zake zote za kale, akaamka na inayozikataa baadhi, ilhali programu ni ileile aliyoilipia.

Leseni hizi ziliitwa za kudumu. Tuangalie kudumu kwenyewe. Kampuni ilikoma kuitolea Office 2003 masasisho ya usalama tarehe 8 Aprili 2014, Office 2007 mwezi Oktoba 2017, na Office 2010 mwezi Oktoba 2020. Matoleo hayo yalihudumiwa kwa takriban miaka kumi kila moja. Office 2019 ilihudumiwa kwa miaka saba, ikafikia kikomo tarehe 14 Oktoba 2025, siku moja na Office 2016 na siku moja pia na Windows 10. Office 2021 ilipangiwa miaka mitano tu, na Office 2024 vivyo hivyo, hadi Oktoba 2029. Programu haizimiki siku hiyo. Huendelea kufanya kazi bila kinga mpya. Lakini msomaji ataona mwelekeo: umri wa kitu kinachonunuliwa mara moja umepunguzwa nusu bila jina lake kubadilishwa.

Kabla ya kufika kwenye malipo ya kila mwaka, yatupasa kusimama Dar es Salaam, mwaka 2004. Hili ndilo tukio ambalo kwa maoni yetu lina uzito mkubwa kuliko yote kwa msomaji wa jarida hili, na ndilo linalosahaulika upesi.

Asili yake ni Ujerumani, ambako kampuni ya StarDivision ilitengeneza programu za ofisi zilizoitwa StarOffice. Mwaka 1999 kampuni hiyo ilinunuliwa na Sun Microsystems ya Marekani, na mwaka 2000 Sun ikauweka wazi msimbo wake ili mtu yeyote aweze kuusoma, kuubadilisha na kuugawa. Ndivyo ilivyozaliwa OpenOffice, ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka mwaka 2002. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, watu wa sayansi ya kompyuta pamoja na washirika wao kutoka Sweden walianzisha mradi walioupa jina la Kilinux, wakaichukua OpenOffice na kuitafsiri kwa Kiswahili. Desemba 2004 wakaitoa kwa umma kwa jina la Jambo OpenOffice.

Tunaomba msomaji azingatie jambo moja. Hawakuhitaji kuomba ruhusa kwa mtu. Hawakungoja kampuni ya mbali iamue kwamba Waswahili ni soko la kutosha. Leseni yenyewe iliwaruhusu. Microsoft nayo ilileta vifurushi vya lugha ya Kiswahili kwa ajili ya Windows na Office katika miaka hiyohiyo, navyo vilitolewa bila malipo, lakini vilivaa juu ya programu ambayo lazima uwe umekwisha kuilipia. Hatudharau kazi hiyo, maana wataalamu wa lugha yetu walishiriki, na istilahi nyingi zilipata nafasi ya kujaribiwa. Tunasema tu kwamba katika mfano wa kwanza Kiswahili kilikuwa mwenye nyumba, katika wa pili kilikuwa mgeni mwenye heshima.

Mijadala ya istilahi iliyoambatana na kazi hizo ilikuwa mikali na, kwa wengine wetu, yenye raha. Je, ni kompyuta, tarakilishi au ngamizi? Kile kinachosogezwa mezani ni kipanya, au ni puku? Baadhi ya maneno yalishika, mengine yakafia kwenye orodha. Lakini orodha ya maneno ya kukagua tahajia ya Kiswahili haikufa. Oracle ilipoinunua Sun mwaka 2010, wasanidi wengi wa OpenOffice waliingiwa na wasiwasi juu ya mustakabali wake, na Septemba ya mwaka huo wakaanzisha LibreOffice chini ya taasisi ya The Document Foundation. Msimbo ulihama, na Kiswahili kikahama nao. Anayetumia LibreOffice leo anaweza kukikuta Kiswahili miongoni mwa lugha zake na kukagua tahajia ya kazi yake kwa orodha hiyo. Ina mapengo, tena si machache. Maneno yenye viambishi vingi huipigisha chenga. Hata hivyo imeokoa makosa mengi katika tasnifu tulizosahihisha.

Turudi sasa kwenye kampuni kubwa. Mwezi Juni 2011 Microsoft ilianzisha Office 365 kwa ajili ya biashara, na Januari 2013 ikaleta toleo la nyumbani lililolipiwa dola 99.99 kwa mwaka. Katika mwaka huohuo Adobe, kampuni ya programu za picha na upangaji wa kurasa, ilitangaza kwamba haitatoa tena matoleo mapya ya kununua mara moja. Microsoft haikufika mbali hivyo. Iliviacha vyote viwili sokoni, lakini ilijaribu kumbana mnunuzi. Leseni ya Office 2013 ilipotoka ilifungwa kwenye kompyuta moja tu, na kompyuta ikifa, leseni nayo inazikwa. Watu walilalamika mpaka mwezi Machi 2013 kampuni ikaruhusu leseni kuhamishwa. Aprili 2020 malipo ya nyumbani yakabadilishwa jina kuwa Microsoft 365.

Januari 2025 bei za Marekani zilipanda: ya mtu mmoja kutoka dola 69.99 hadi 99.99 kwa mwaka, na ya familia kutoka 99.99 hadi 129.99, kwa hoja kwamba akili unde imeongezwa ndani. Wateja waliokuwapo wangeweza kubaki kwenye mpango wa zamani usio na akili unde, ila njia ya kuufikia haikuwa wazi kwa wote. Nchini Australia tume inayosimamia ushindani wa biashara ilifungua kesi mwezi Oktoba 2025 juu ya suala hilo. Anayepanga nyumba analijua jambo hili bila kufundishwa: mwenye nyumba anaweza kupaka rangi ukuta ambao hukuomba upakwe, kisha akapandisha kodi.

Na hesabu zinasemaje? Office Home 2024, inayonunuliwa mara moja kwa kompyuta moja, iliwekwa sokoni Marekani kwa dola 149.99. Kulipia mpango wa mtu mmoja kwa miaka mitano, kwa bei ya 2025, ni karibu dola 500. Kwa mtu wa peke yake kununua kunashinda kwa mbali. Lakini mpango wa familia unaruhusu watu sita. Ukigawanya, kila mmoja anatoa chini ya dola 22 kwa mwaka, yaani kama dola 108 kwa miaka mitano, tena akiwa na nafasi ya kuhifadhi mafaili mtandaoni. Kwa nyumba yenye ndugu sita wanaoaminiana, kupanga ni rahisi kuliko kununua. Wanaosema malipo ya kila mwaka ni ghali siku zote hawajapiga hesabu hiyo.

Ila hizo ni hesabu za Marekani. Huku kwetu kuna mkono mwingine unaoandika bei. Mwezi Mei 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi ilishusha thamani ya faranga, na bei rasmi ya dola ikaruka kutoka karibu faranga 2,100 hadi zaidi ya 2,800. Mpango wa mtu mmoja, uliokuwa bado dola 69.99, ulitoka takriban faranga 147,000 ukafika 196,000, na kampuni yenyewe haikuwa imegusa bei. Nayo ni hesabu ya benki. Kufikia mwisho wa 2024 dola ya mtaani ilikuwa imezidi mara mbili ya ile rasmi. Anayenunua mara moja hukutana na pigo hilo siku moja. Anayelipa kila mwaka huligonganisha na mshahara wake kila mwaka, bila kujua mwaka ujao dola itakuwa wapi. Isitoshe, malipo haya huombwa kwa kadi ya benki ya kimataifa. Mwenye kadi hiyo, na dola ndani yake, hatuna shaka kwamba anajulikana kwa majirani zake wote.

Mwenzetu mmoja alitupinga kwa kusema kwamba tumekwisha kuzoea. Umeme wa REGIDESO tunaununua kabla kwa Cash Power; ukiisha ni giza, na hatulalamiki sana. Mega za simu vilevile. Hoja yake ni nzuri, lakini ina pengo. Umeme wa jana umekwisha kuwaka na hatudai kuurudia. Kamusi ndogo ya istilahi uliyoianza miaka kumi iliyopita hujamaliza nayo. Muda wa malipo ukikwisha, programu hukuruhusu kuisoma na hata kuichapa, lakini haikuruhusu kuongeza kidahizo kimoja. Na hata kabla haujakwisha, kompyuta hutakiwa kuunganishwa na intaneti mara kwa mara ili kampuni ihakikishe kwamba bado unalipa, jambo ambalo mwalimu wa shule ya mkoani hawezi kuliahidi.

Hapa ndipo msamiati unapotusaidia kufikiri. Kiswahili kina kununua, kupanga, kukodi na kuazima, na hakivichanganyi. Nyumba hupangwa, gari hukodiwa, jembe la jirani huazimwa. Malipo ya programu kwa mwaka tuyaiteje? Mjini kwetu wengi husema abonema, kutoka Kifaransa. Tafsiri nyingi hutumia usajili, neno ambalo haliridhishi, kwa kuwa mtu anaweza kujisajili bila kulipa hata senti, na linaficha kwamba pana kodi inayodaiwa. Sisi tungependekeza kupanga, pamoja na nomino upangaji, ingawa tunajua watakaosema programu haina milango. Na "leseni ya kudumu" tungeiita leseni ya toleo, kwa sababu hicho ndicho kinachouzwa: haki ya kutumia toleo moja hadi litakapochakaa. Tunawakaribisha wasomaji watusahihishe.

Kwa mwalimu au mwanafunzi anayeandika peke yake nyumbani, akiwa hana kadi ya dola, msimamo wetu ni kwamba asinunue wala asipange. Achukue LibreOffice, ajifunze tabia zake kwa wiki mbili, na kazi zake za muda mrefu azihifadhi katika faili la ODF, muundo uliotambuliwa kuwa kiwango cha kimataifa cha ISO mwaka 2006 na ambao programu za kampuni mbalimbali zinaweza kuusoma, Word ikiwemo. Mwenye ndugu Ulaya au Kanada aliye tayari kumwingiza katika mpango wa familia asione haya kuingia, mradi nakala za kazi zake zibaki pia mahali pengine. Vyuo navyo vina mlango wao, kwani Microsoft hutoa toleo la mtandaoni bila malipo kwa taasisi za elimu zinazojiandikisha, na penye intaneti ya uhakika linatosha kwa kazi nyingi. Kununua tunakuona kunamfaa zaidi mwenye kompyuta mpya na kazi ya kubadilishana mafaili magumu na ofisi nyingine kila siku, kwa sababu ni kweli kwamba majedwali na namba za kurasa wakati mwingine huvurugika yanapovuka kutoka programu moja hadi nyingine. Tumeyaona hayo kwenye tasnifu, tena usiku wa kuamkia siku ya kuiwasilisha.

Mwenzetu wa mtihani wa fonolojia alichagua LibreOffice. Malalamiko yake sasa ni mawili. La kwanza ni kwamba kila akiweka nukta mbili, programu humwongezea nafasi kabla yake kwa desturi ya Kifaransa, mpaka tulipomwonyesha kwamba hakuwa ameiambia kuwa anaandika Kiswahili. La pili ni king'ong'o. Kwenye kibodi ya AZERTY alikuwa akitafuta alama ya ng' mahali isipokuwapo, na katika rasimu ya kwanza ya mtihani ng'ombe wake wote walitoka bila kipashio kile ambacho swali la nne liliwataka wanafunzi wakieleze.